Darubini ya Zamani kwenye Mauser ya Babu: Uzoefu Wangu

Babu alikuwa na shamba Jilore, nyuma ya Malindi, enzi ambazo tembo na nyati walitoka msitu wa Arabuko-Sokoke usiku wakalimaliza shamba kabla ya alfajiri. Bunduki yake ni Mauser ya Oberndorf, Ujerumani, inayotumia risasi za 9.3x62, aina aliyoibuni Otto Bock wa Berlin mwaka 1905 kwa ajili ya wakulima na wawindaji waliokuwa Afrika. Uwindaji ulipigwa marufuku Kenya mwaka 1977. Bunduki ilibaki nyumbani kihalali, na babu alipofariki nikaomba cheti kwa jina langu. Naipiga kwenye uwanja wa shabaha tu.

Juu ya chuma cha chemba kuna vitako viwili vya kushikia darubini, vyenye matundu ya mraba. Hapo ndipo zilipoingia kucha (ndoano za chuma) za darubini ya awali, ambayo ilipotea kabla sijazaliwa.

Duka la kwanza nililokwenda walitaka kung'oa vitako hivyo, watoboe matundu manne na kufunga darubini mpya nyeusi ya kukuza mara tatu hadi tisa. Nilikataa palepale. Tundu likishatobolewa kwenye chuma kile halirudi. Tena sefti (kizuizi cha kufyatua) ya Mauser ya kale ni ulimi unaopinduka kwa juu, kutoka kulia kwenda kushoto. Darubini ikikaa chini sana, ulimi unagota na sefti haifunguki.

Nikatafuta darubini ya rika la bunduki. Niliyoipata ni Zeiss Zielvier ya kabla ya Vita vya Pili vya Dunia, mwili wa chuma, inakuza mara nne (jina lenyewe kwa Kijerumani ni “shabaha” na “nne”). Muuzaji wa ng'ambo aliniapia kwamba vioo ni safi. Nilipoielekeza dirishani niliona kuvu imetanda ndani kama utando wa buibui, na pembeni mwa kioo kimoja gundi ya zamani imegeuka manjano. Pesa hakurudisha. Hilo bado linaniuma.

Aliyeiokoa kazi hii ni fundi mmoja mzee wa Mombasa, mwenye leseni. Aliishika bunduki, akapitisha kidole kwenye vitako, akaniuliza, “Mwanangu, una haraka?” Nikamwambia, “Sina, mzee wangu.” Akasema basi iache.

Alitoa vioo vyote kwanza, maana pete zinazobeba kucha za darubini hizi hulehemiwa kwenye mwili, na moto ule ungeviharibu. Kuvu ilitoka karibu yote. Umanjano hakuugusa, umebaki kama mwezi mwandamo ukingoni, na ukilenga huuoni. Kisha akachonga kucha mpya kwa tupa. Kazi ya kucha haina kipimo cha kununua dukani, kila bunduki ina zake. Siku niliyomkuta kazini, chuma kimebanwa kwenye jiliwa na koroboi inawaka pembeni. Anaupitisha ukucha juu ya moshi mpaka uwe mweusi, anauingiza kwenye kitako, anautoa, anatazama masizi yamefutika wapi. Hapo panapong'aa ndipo panapogusa, basi anapiga tupa mara mbili na kurudia. Nilikaa saa nzima na ukucha mmoja haukuisha. Alichukua wiki saba. Gharama ilizidi bei ya darubini yenyewe, na sijutii hata shilingi.

Sasa unaingiza kucha za mbele, unabonyeza nyuma, unasikia “tak”, imekaa. Kwenye mita 100 nilipiga risasi tatu, nikaivua, nikaifunga upya, nikapiga tatu nyingine. Zote sita zingefunikwa na kiganja changu. Alama yake ya kulengea ni nguzo tatu nene, na ya kati ina ncha. Mwanga wa magharibi ukififia bado naiona, wakati nywele nyembamba za darubini za siku hizi hunipotea.

Mtu ajue haya kabla hajanunua. Darubini hii ina kirungu kimoja tu juu, cha kupandisha na kushusha. Kwenda kushoto au kulia unarekebisha kwenye kitako cha nyuma. Tena ukizungusha kirungu, alama yenyewe huhama kutoka katikati ya kioo. Haina gesi ndani ya kuzuia ukungu, na kwa hewa yetu ya bahari kuvu hurudi upesi. Yangu naivua kila nikirudi, naifuta chumvi, naifungia kwenye kopo la bati lenye vifuko vya kukausha unyevu, na kila mwezi nalifungua kopo nitazame vioo.

Kucha hizi huinyanyua darubini juu kidogo, kwa hiyo chini yake kuna uwazi. Nikiinamisha kichwa naona vyuma vya kulengea vilevile alivyovitumia babu, na alama ya tupa aliyoitia yeye mwenyewe upande wa kulia.