Moduli ya fotoni ya sensa 64: sensa safi, kipimajoto kimekaa pabaya

Nimeitumia moduli hii, ambayo ni bodi ya kunasa fotoni (chembe za mwanga), kwenye kazi ya kuunda kamera ndogo ya miale ya gamma, na kwa kuwa maelezo mengi yanayopatikana ni ya muuzaji mwenyewe, acha niseme nilichokiona mezani. Jina la kampuni naliweka kando. Bodi za aina hii zinafanana sana, kwa hiyo hata aliyenunua kwingine atapata la kumfaa.

Ukifungua boksi unakuta sensa za silikoni 64, nane kwa nane, kila moja milimita 3 kwa 3. Juu yake zimegandishwa kristali 256 za LYSO, yaani kristali zenye lutetiamu zinazotoa mwanga zikigongwa na mwale wa gamma, na katikati kuna kioo chembamba cha kueneza mwanga huo kwa sensa. Nyuma kuna bodi yenye mtandao wa rezista unaokusanya ishara zote 64 na kuzitoa kwenye waya nne. Utaratibu huu asili yake ni kamera ya Hal Anger ya miaka ya 1950: unalinganisha nguvu ya ishara za pembe nne, unajua mwale umegonga wapi.

Nianze na sifa, maana sensa ni safi kwelikweli. Bodi ina pini ya majaribio inayotoa ishara ya sensa moja kabla haijachanganywa na nyingine. Nilipoichomeka kwenye osiloskopu (kifaa cha kuonyesha ishara za umeme kwenye skrini) na kuimulika kwa LED iliyofifishwa mno, mapigo yalijipanga kwa ngazi: fotoni moja, mbili, tatu, kila ngazi na kimo chake, na kati ya ngazi na ngazi pakavu. Aliyezoea mirija ya fotomaltiplaya, vinasa-mwanga vya zamani vya kioo, anajua kwamba picha ya namna hiyo haipatikani kirahisi. Isitoshe, mirija inadai takriban volti 1,000, wakati moduli hii haifiki hata 60. Mwanga wa chumba ukiingia kwenye mrija uliowashwa, unaweza kuagana nao. Sensa hizi zinalemewa kwa muda, ukifunika zinaendelea na kazi. Sumaku nayo haizisumbui, ndiyo maana mashine za hospitali za PET (za kupiga picha kwa miale ya gamma) zinazofanya kazi ndani ya MRI, yenye sumaku kali, zinatumia silikoni.

Sasa kero, na ni moja kubwa.

Sensa za silikoni zinaishi na joto vibaya. Kila nyuzi moja ya Selsiasi ikipanda, volti ambayo sensa inaanzia kufanya kazi nayo inapanda kwa milivolti 20 hadi 50 hivi, kutegemea aina. Kidogo hicho? Sensa inaendeshwa kwa volti chache tu juu ya kiwango hicho, na ukuzaji wa ishara unategemea hizo chache. Joto la chumba likibadilika nyuzi tano, kwa sensa za milivolti 50, umepoteza robo volti kati ya volti tatu. Kwenye spektra, yaani grafu ya nishati za miale, kilele cha sesiamu-137 (chanzo cha mionzi cha majaribio), ambacho mahali pake ni keV 662 (keV ni kipimo cha nishati), kinahama waziwazi. Kwa hiyo moduli inakuja na fidia ya joto: kipimajoto kinasoma, bodi inarekebisha volti yenyewe. Kwenye karatasi ya bidhaa hilo limeandikwa kwa herufi nene.

Tatizo ni mahali walipokiweka. Kipimajoto kiko upande wa nyuma wa bodi, kando kabisa ya kidhibiti cha umeme, na hicho kidhibiti kinachemka. Ukiwasha, kipimajoto kinapata moto wakati sensa bado zimepoa. Bodi inadhani sensa nazo zimepata joto, inaongeza volti ambazo hazikuhitajika. Nilikiangalia kilele kikipanda kulia kwenye spektra, halafu joto lilipozifikia sensa kikaanza kurudi taratibu. Ukielekeza feni kwenye bodi, kinahama tena. Yaani fidia inafuata joto la bodi, sensa zimeachwa zijitegemee.

Nilichofanya ni kubandika kipimajoto kingine pembeni mwa sensa kwa gundi inayopitisha joto, kuizima fidia ya kiwandani, na kutuma volti kwa amri kutoka kwenye kompyuta. Amri hiyo ipo na inafanya kazi vizuri, nawapongeza kwa hilo. Baada ya hapo kilele kilitulia na ubainifu wa nishati, yaani uwezo wa kutofautisha nishati zinazokaribiana, ukawa ule walioutangaza.

Kitu kingine kinachowashtua wageni: moduli inahesabu mionzi hata kama hakuna chanzo chochote karibu. Si hitilafu. Lutetiamu iliyomo kwenye LYSO ina isotopu (aina ya atomu) ya lutetiamu-176, asilimia 2.6 ya lutetiamu yote ya asili, nayo inatoa mionzi yenyewe. Mimi naitumia kulinganisha sensa kabla ya kazi, ni kipimo cha bure kisichokwisha. Lakini kama sampuli zako zina mionzi hafifu sana, tafuta moduli yenye kristali nyingine.

Kwenye ramani ya nukta, yaani picha ya mahali miale ilipogonga, kristali za katikati zinaonekana moja moja bila shida. Za pembezoni zinabanana, na kwenye kona nukta mbili zimeungana kiasi kwamba programu yao haizitofautishi. Hilo ni la mfumo wenyewe wa waya nne, siwalaumu sana. Ninachowalaumu ni faili: data ghafi inahifadhiwa kwa muundo wao wa siri, na mwongozo hauelezi mpangilio wa baiti.

Kwa miale ya gamma ya keV mia kadhaa, ninunue tena? Ndiyo, maana kila mwale unazaa maelfu ya fotoni na kelele za gizani, yaani mapigo ambayo sensa inayatoa bila mwanga wowote, zinamezwa. Kwa anayetaka kuhesabu fotoni moja moja kwenye sensa zote, hapana. Kila milimita ya mraba ya silikoni hii inatoa mapigo ya uongo makumi ya maelfu kwa sekunde kwenye joto la kawaida, na hapa unayachanganya ya sensa 64 kwenye waya nne. Huyo anahitaji bodi yenye njia ya kila sensa, na ubaridi.

Nimewaandikia kuhusu kipimajoto. Wamejibu kwamba toleo lijalo kitahamia upande wa sensa, ila wenye toleo hili hawatabadilishiwa.