Miezi mitatu ya kujifunza apejio na mwalimu wa nyumbani: uzoefu wangu

Miaka miwili nimekuwa nikikung'uta gita kanisani, mkono unapanda na kushuka tu. Nilichokitamani ni apejio, yaani zile nyuzi za kodi zinazolia moja moja, kama anavyofanya mpiga solo wa dansi kabla waimbaji hawajaingia. Video za bure zilinichanganya, kwa hiyo nikamtafuta mpiga gita wa bendi hapa Dar es Salaam awe ananifundisha nyumbani kila Jumamosi, saa moja kwa Sh 20,000.

Siku ya kwanza alinikataza kushika kodi, yaani kubonyeza nyuzi kadhaa ili sauti zake ziende pamoja. Wiki mbili nzima nilipiga nyuzi wazi, bila kubonyeza: gumba nyuzi tatu nene, cha shahada uzi wa 3, cha kati wa 2, cha pete wa 1. Metronomu ya simu, ile inayogonga mapigo, ilikuwa kwenye 60 kwa dakika. Nilikereka, nusura niache.

Wiki ya tatu ndipo nikamwelewa. Alinipa kodi ya C kwenda Am, mpangilio wa nyuzi 5-3-2-1-2-3. Cha shahada na cha kati havihami. Cha pete peke yake kinatoka uzi wa 5 freti (kigawanyo cha shingo ya gita) ya 3, kinaingia uzi wa 3 freti ya 2. Gumba nalo linabaki uzi wa 5. Kwa kuwa mkono wa kulia ulishajua njia, macho yote niliyaweka kushoto. Hapo nikagundua kidole changu kilikuwa kikigusa uzi wa jirani na kuuzima, miaka yote miwili! Ukikung'uta, uzi uliokufa unafichwa na wenzake. Kwenye apejio hakuna pa kujificha.

Dm na G zilinitesa zaidi, maana gumba linahamia uzi wa 4, kisha wa 6, na langu lilikuwa limeshazoea wa 5.

Kasoro ipo: haandiki chochote. Hana karatasi wala tabo (maandishi ya uzi na freti za kubonyeza), anapiga nawe unafuata. Nilimwomba ruhusa nikawa namrekodi kwa simu, la sivyo kufikia Jumatatu ningekuwa nimesahau nusu. Anayetaka kusoma nota atafute kwingine. Mara mbili pia aliahirisha kwa sababu ya shughuli za harusi, ingawa vipindi vyote alivifidia.

Sasa napiga C, Am, Dm na G kwenye 84 bila kukatika. Jumapili iliyopita niliwapigia kwaya wimbo mzima wa sadaka kwa apejio, polepole, na kila uzi ulisikika. Nimeshalipia miezi mingine mitatu. Jumamosi tunaanza kodi ya F.