Tathmini ya Caddy kama proksi kinyume mbele ya programu za wavuti

Mwenye programu kadhaa za wavuti kwenye seva moja, kila moja ikisikiliza poti yake, hana budi kuamua ni nani atakayekaa mlangoni kupokea maombi yote ya poti 80 (HTTP) na 443 (HTTPS, yaani HTTP iliyosimbwa), kutambua kikoa kilichoombwa na kulifikisha kila ombi kwa programu inayohusika. Kazi hiyo ya proksi kinyume imefanywa kwa muda mrefu na nginx, seva ya wavuti iliyotolewa kwa umma na Igor Sysoev mwaka 2004, na bado inaifanya vizuri. Hata hivyo, kwa anayeanza upya ninapendekeza Caddy, kwa sababu mengi ambayo kwenye nginx ni lazima uyakumbuke mwenyewe, Caddy huyafanya bila kuagizwa.

Caddy ni programu huria iliyoandikwa kwa lugha ya Go. Toleo la 2, ninalolitathmini hapa, lilitoka mwaka 2020. Mipangilio yake huandikwa katika faili iitwayo Caddyfile, na programu ya kawaida huhitaji mistari mitatu tu: jina la kikoa na mabano ya kufungua, amri ya reverse_proxy pamoja na anwani kama localhost:3000, kisha mabano ya kufunga. Ikishasoma jina hilo, Caddy huomba cheti cha HTTPS kwa Let's Encrypt au ZeroSSL, ambao ni watoaji wa vyeti hivyo, huhamisha maombi ya HTTP kwenda HTTPS, na huhuisha cheti kabla ya muda wake kwisha. Uhuishaji huo ndio ninaouthamini kuliko yote, kwa kuwa vyeti vya Let's Encrypt vimezoeleka kudumu siku 90 na mwelekeo wa sasa ni kuzidi kuvifupisha, kwa hiyo kuvihuisha kwa mkono ni kujitafutia matatizo.

Masharti yapo. Rekodi ya DNS (mfumo unaobadili jina la kikoa kuwa anwani ya seva) iwe tayari inaelekeza kwenye seva yako, na poti zote mbili ziwe wazi. Ukiiendesha Caddy ndani ya kontena (mazingira yaliyotengwa ya kuendeshea programu, kama ya Docker), hakikisha saraka ya /data imewekwa kwenye hifadhi ya kudumu. Vinginevyo kila kontena linapoundwa upya vyeti vipya huombwa, na Let's Encrypt huruhusu vyeti vitano tu kwa wiki kwa seti ileile ya majina.

Upande wa vichwa vya maombi, yaani taarifa zinazoambatana na kila ombi, umefikiriwa kwa makini. Kwa programu ya nyuma inayofikiwa kwa HTTP ya kawaida, kichwa cha Host, chenye jina la kikoa kilichoombwa, hupita kama kilivyotumwa na kivinjari, ilhali nginx isipoelekezwa hukibadilisha kuwa jina lililo katika amri yake ya proxy_pass, na ndiyo maana baadhi ya programu huanza kutoa viungo vya anwani za ndani. X-Forwarded-For na X-Forwarded-Proto, zinazoieleza programu anwani ya mtumiaji na kama alitumia HTTP au HTTPS, huwekwa zenyewe, na WebSocket (muunganisho wa pande mbili unaobaki wazi) hupita bila mstari wa ziada. Aidha, Caddy haiviamini vichwa vya X-Forwarded vinavyoletwa na mgeni yeyote. Kwa hiyo kama mbele yake kuna kisawazisha mzigo (kinachogawa maombi kwa seva kadhaa), sharti ukitaje katika mpangilio wa trusted_proxies, la sivyo programu zako zitaiona anwani ya kisawazisha badala ya ya mtumiaji.

Jambo moja halitatuliwi na proksi yoyote. Programu za nyuma zisikilize 127.0.0.1 pekee (anwani ya ndani ya seva yenyewe) au mtandao wa ndani wa kontena, kwa sababu poti iliyotangazwa na Docker kwa anwani zote hufikika kutoka nje hata pale ufw, ukuta wa moto wa Linux, inapoonekana kuifunga, na mgeni huipita proksi kabisa.

Upungufu wa Caddy unaonekana pale unapotaka kuweka kikomo cha idadi ya maombi au kuhifadhi majibu kwenye kache (hifadhi ya muda). Vyote viwili havimo katika toleo la kawaida; utahitaji programu-jalizi na kujijengea Caddy yako, kwa mfano kwa zana ya xcaddy, kisha kuijenga tena kila linapotoka toleo jipya la usalama. Nginx ina limit_req kwa kikomo na proxy_cache kwa kache ndani yake yenyewe, na zote zimekomaa. Tovuti inayotegemea kache ili kuhimili wasomaji wengi nisingeihamisha kutoka nginx.