Karakana ya kuchonga vyuma Amani: wamenichongea pini ya kutobolea rola za piano, nawapa nne kati ya tano

Kama unatafuta mtu wa kukuchongea kidude kidogo cha chuma ambacho kikikosea unywele hakifai kitu, ipo karakana moja Amani, hapa Unguja, upande wa viwandani. Mie nshafanya nao kazi toka mwezi wa pili na nawapa nyota nne. Ya tano nimeizuia kwa sababu ya ahadi, n'taeleza.

Kazi yenyewe si ya kila siku. Ami yangu anayo piano ya zamani nyumbani kwake Vuga, aliuziwa na familia moja ya Kigoa walipokuwa wanahama, ni zile piano zinazopiga zenyewe. Unakanyaga pedali mbili zinavuta hewa, karatasi ya matundu iliyoviringishwa, ndo hiyo rola, inapita juu ya kipande cha shaba chenye matundu 88, tundu la karatasi likikutana na tundu la shaba hewa inaingia, inashuka kwenye mpira wake mpaka kwenye vali, kimfuko kinanywea na nyundo inagonga waya. Basi, wala haitaki umeme. Sasa rola zake zimebaki sita na karatasi imekauka kama jani la mkungu, ukiigusa inakatika, ami hata kuziweka haweki tena anaogopa. Ndo nikaamua niunde mashine ya kutoboa rola mpya.

Mwili wa mashine nimeunda mwenyewe. Reli na mkanda nimetoa kwenye printa mbovu ya A3, na lazima iwe A3 kwa sababu rola ina upana wa inchi 11 na robo, yani kama milimita 286, printa ya A4 haifiki. Kipimo hicho hukichagui wewe, watengenezaji wa piano hizi wa Marekani walikubaliana mjini Buffalo mwaka 1908, noti 88, matundu 9 kwa inchi. Mota moja inasogeza kichwa kulia na kushoto, nyengine inavuta karatasi, solenoidi, yani sumaku ya umeme, inapiga pini chini, na bodi ya Arduino, kikompyuta kidogo cha kuendeshea mashine, inasoma orodha ya matundu niliyoitoa kwenye faili la MIDI, faili la kompyuta linaloorodhesha noti za wimbo. Hayo yote yalikwenda vizuri. Kilichonishinda ni pini.

Ya kwanza niliagiza imeshachongwa kwa muuzaji wa mtandaoni, jina silitaji. Ilikuwa inacheza ndani ya tundu lake. Karatasi nyembamba kiasi kile pini ikicheza kidogo tu haikati, inaisukuma inaipinda, tundu linatoka na manyoya na kile kiduara kinabaki kinaning'inia, na kiduara kile ni balaa kwa sababu kinavutwa na hewa kinaingia kwenye shaba na noti inakufa. Noti ya sol ya katikati ilikufa siku mbili mpaka nikaizibua kwa pampu ya mkono, na ami kasimama nyuma yangu hasemi kitu.

Nikenda Amani nikiwa na ile pini mfukoni. Fundi mkuu ni mtu mzima, kaipokea akaitazama kwenye mwanga wa mlangoni, hakuniuliza habari za piano, kaniuliza, "Mwanangu, unakata nini?" Nikampa kipande cha rola. Akakisugua kwa vidole karibu na sikio, akasema hii haitaki nguvu, inataka pini isiwe na pa kuchezea.

Alivyofanya nimekaa nikatazama mwanzo mwisho. Alichukua sahani mbili za chuma, ya juu ya kuongoza pini na ya chini ya kukatia, akazibana pamoja akatoboa mara moja tu kupita zote mbili, kwa hiyo matundu yako mstari mmoja hata ukitaka yakosane hayakosani. Pini akaitoa kwenye shina la biti ya dirili. Sahani ya chini akaipasha moto mpaka ikawa nyekundu akaizamisha kwenye oili, halafu akaweka msasa laini juu ya kioo akawa anaisugua taratibu mpaka ukingo wa tundu ukawa mkali. Mwisho akachukua ile karatasi laini inayofungiwa viatu dukani, akaibonyeza kwa kidole gumba. Tk. Kiduara kikaanguka kiganjani, mviringo, hakina unyoya hata mmoja. Wallahi nilifurahi!

Bei: 85,000 kwa pini na sahani mbili, na pini za akiba 10,000 kila moja. Chukua za akiba, usifanye ubahili, maana noti ndefu ni matundu mengi yamefuatana si tundu moja, wimbo wa dakika tatu mie umekula mapigo elfu kumi hivi na saa nzima ya kutoboa.

Sasa ile nyota ya tano. Waliniambia wiki moja ikawa siku 23, na simu hawapokei, inabidi uende mwenyewe. Ijumaa wanafunga kabla ya sala na hawarudi tena. Risiti mpaka uombe. Kazi ya mikono ile ikipata mtu wa kupokea simu tu hakuna wa kuwagusa Unguja hii.

Jengine si kosa lao ila ukiunda mashine hii hapa kwetu litakukuta. Mie natumia karatasi ya plota, ile printa kubwa ya michoro, ya inchi 24, unaipasua unapata rola mbili. Masika yalipoanza ikavimba karibu milimita nzima kwa upana, na toka noti moja mpaka nyengine ni chini ya milimita tatu, kwa hiyo katikati inapiga sawa lakini kwenye kingo noti zinaanza kuvujia za jirani. Siku za mvua sitoboi tena, na karatasi nailaza chumba cha piano siku mbili kabla ili izoeane na hewa ya mule.

Rola ya kwanza nimetoboa wimbo wa taarabu ulio kwenye nahawandi, moja ya makamu za muziki wa Kiarabu, yani mpangilio wa noti, kwa sababu nahawandi inakaa kwenye vibonye vya piano bila kupunguzwa kitu. Makamu za rasti na bayati zina sauti za robo, zinazokaa baina ya kibonye na kibonye, hizo piano haina pa kuziweka, muachie udi na fidla. Ami kaipiga mara nne, kakanyaga mwenyewe.

Jumamosi nawapelekea mchoro wa pini tatu sambamba, nipunguze ile saa. Nawe ukenda chukua karatasi yenyewe utakayotoboa, usimuelezee kwa mdomo, anataka kuishika.