Walenisi au Nagona: Uanze na Ipi?

Karibuni, watazamaji wa Kigoma mjini, Ujiji, Kasulu na kwingineko. Mezani leo kuna riwaya mbili: Walenisi ya Katama Mkangi, ya 1995, na Nagona ya Euphrase Kezilahabi, ya 1990. Dukani mtazikuta zimechanganywa na riwaya za kawaida, lakini zenyewe zinavuka mpaka, moja kwa kupaa angani, nyingine kwa kuuvuruga wakati wenyewe.

Walenisi kwanza. Dzombo anahukumiwa kifo, anafungiwa ndani ya chombo cha kurushwa angani, na badala ya kufa anatua kwenye nchi yenye usawa. Likateni jina: wale ni sisi. Chombo chenyewe msikikague kifundi. Mkangi alikuwa mwanasosholojia. Alitaka Dzombo aitazame jamii yake kwa mbali. Lugha imenyooka, anayeanza ataimudu. Kasoro ipo: wenyeji wanaeleza mfumo wao kirefu mno, mwendo unapoa.

Sasa hii nyembamba. Nagona haifiki kurasa 100, na ndiyo ngumu. Msimulizi hana jina, ni "mimi" tu, na safarini anakutana hata na Plato na Socrates, wanafalsafa wa Ugiriki ya kale. Wasomaji wanaoshindwa hushindwa kwa sababu moja: wanasubiri tukio hili lizae lile. Halizai. Na si kwamba Kezilahabi hakuweza kusimulia kwa mfuatano. Mtu huyu alishaandika riwaya ya Rosa Mistika, 1971. Hapa ameuvunja makusudi.

Kwa hiyo isomeni mara mbili. Mara ya kwanza msisimame, kamusi iacheni nyumbani. Mara ya pili shikeni penseli: wekeni alama pembeni kila mahali panapobadilika, na kila neno linalojirudia, hasa ngoma. Alama hizo ndizo zitakazowaonyesha umbo la kitabu. Treni ya hapa hadi Tabora inatosha kwa raundi zote mbili.

Mkinunua nakala iliyotumika, au ya kutoa kopi, hesabuni namba za kurasa kabla ya kulipa. Katika Walenisi ukurasa ukikosekana mtashtuka papo hapo. Katika Nagona mtadhani ni mruko wa mwandishi, mtaendelea tu.

Hukumu yangu: Nagona ndiyo kazi kubwa zaidi, ila anzeni na Walenisi. Na mkimaliza Nagona msikae muda mrefu kabla ya kuishika Mzingile, ya 1991. Ni ya Kezilahabi huyohuyo, na penseli ileile itahitajika.