Boksi la kadi za silabi: miezi mitano na binti yangu wa darasa la kwanza

Nilinunua boksi hili mwezi wa pili kwenye duka la vifaa vya shule hapa Ngamiani, Tanga, kwa Sh 18,000. Binti yangu ana miaka sita, alianza darasa la kwanza Januari. Mimi ni seremala, na fedha hiyo kwangu ni faida ya stuli mbili, kwa hiyo nililikagua kama ninavyokagua mbao kabla sijalipa. Sasa ni mwezi wa saba, tumelitumia karibu kila jioni, na ninayo ya kumwambia mzazi anayelishika pale dukani akijiuliza achukue au aache.

Ndani kuna kadi 95 za silabi, kuanzia ba mpaka zu, kadi tano za irabu, kadi 40 za picha, kadi za namba 0 hadi 20, na chati mbili za ukutani. Kadi ni ngumu, zimefunikwa nailoni, na kona zake zimekatwa mviringo, hazichomi vidole. Mpaka leo ni nne tu zilizobanduka nailoni, na hizo zilimwagikiwa uji. Kwa utengenezaji sina lawama.

Tulianza na chati ya silabi. Niliibandika juu ya kitanda chake, na wiki ya pili haijaisha mtoto alikuwa anasimama mbele ya wageni anataja ba be bi bo bu, cha che chi cho chu, mpaka za ze zi zo zu, kidole kikifuata mstari. Mama yake alitokwa na machozi. Mimi nilimpigia simu bibi yake Muheza kumwambia mjukuu anasoma.

Ijumaa moja nikapita shuleni kumshukuru mwalimu. Mwalimu yule ana watoto 94 kwenye chumba kimoja, lakini alinipa muda wake. Alimwita binti yangu ubaoni, akaandika bu peke yake, akamwuliza ni nini. Mtoto akanyamaza. Kisha nikaona midomo yake inacheza bila sauti: ba, be, bi, bo... ndipo akasema bu. Mwalimu akaandika ki. Yale yale, kuanzia ka. Akamrudisha kwenye dawati akaniambia, "Baba, huyu ameshika wimbo. Kusoma bado."

Niliumia, kwa sababu nilikuwa nimeshamsifia mtoto mtaa mzima. Lakini mwalimu hakuishia hapo. Alinieleza kwamba tangu 2015 darasa la kwanza na la pili yamejikita kwenye KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, na kwamba mtoto anatakiwa aisikie sauti mdomoni kabla ya kuikazia macho herufi. Neno mama linaanza na sauti gani? Na meza? Na moto? Ukimsikia anakujibu "mmm", hapo ndipo unamwonyesha alama ya sauti hiyo. Mimi nilisoma darasa la kwanza 1991, tuliimba "be a, ba", na hivyo ndivyo nilivyokuwa namfundisha nyumbani. Mwalimu akaniomba niache. Mtoto akisikia "be" halafu "a", anachopata masikioni ni "bea", na ni haki yake.

Jioni ile nikaigeuza chati ukutani, tukahamia kwenye kadi.

Kadi hazina wimbo. Ukizimwaga mkekani zinaanguka hovyo, ku iko karibu na le, sa imelalia tumbo, na mtoto hana mstari wa kumbeba. Siku za kwanza alikasirika, akataka chati yake. Nikapunguza, nikaacha kadi kumi tu: ba, ma, ta, ka, la, ku, ni, mi, le, sa. Nikawa nauliza moja moja, tunacheka, tunaacha kabla hajachoka. Dakika 15, si zaidi. Siku ya sita hivi, nikiwa napiga msasa mguu wa kiti barazani, nikamwona ameweka ku mbili kwa kuwa zilifanana. (Boksi lina ku moja tu, ya pili nilikuwa nimemwandikia kwenye kipande cha boksi.) Akazitazama. Akasema taratibu, kwa sauti ya kuuliza, "Kuku?" Halafu akageuka kutazama uani, kuku walipo.

Hakuna aliyemfundisha neno lile siku ile. Alilifikia mwenyewe kwa vidole vyake, na sura yake wakati anageuka sitaisahau. Kuanzia hapo akawa ananifuata karakana na kadi mfukoni. Kuni. Kula. Kumi. Sabuni akaja nayo mwenyewe, bu aliichukua kwenye boksi. Kiswahili kinamsaidia mtoto kwa namna ambayo sikuwahi kuifikiria: ku ni ku popote itakapokaa, haibadiliki sauti kwa sababu ya jirani yake. Mwisho wa mwezi wa tatu tulikuwa na kadi 20 mkekani, na maneno aliyoyaunda yalishapita 30.

Kwa hiyo kadi zinafaa. Sasa niseme penye upungufu, maana upo, na ni wa kurekebishika.

Jioni moja nilimwambia aunde neno mtoto. Akatafuta sana, akaweka mu, to, na to ya pili niliyomwandikia. Akasoma "mutoto". Nikataka kumkosoa, kisha nikatafuta mwenyewe, nikaona boksi ndilo lililomkosesha: hakuna kadi ya m peke yake. Katika lugha yetu m inasimama yenyewe kama silabi. Mpigie mtoto makofi kwa kila silabi, m-to-to, utahesabu matatu, m-ti, mawili, m-ke-ka, matatu. Binti yangu makofi aliyapiga sawasawa, sikio lake lilijua. Kadi ndizo zilizokuwa hazijui. N nayo haipo, kwa hiyo neno nne haliundiki, wala nchi.

Na si hizo tu. Hakuna sha she shi sho shu. Hakuna nya, hakuna nga, hakuna mba wala nda, hakuna tha wala dha. Mtoto wa darasa la kwanza hawezi kuunda shule, hawezi kuunda nyumba, na kadi ya picha ya ndizi anayo mkononi lakini silabi ya ndi hana. Hilo limenisikitisha kuliko yote, kwa sababu ni maneno ya kila siku ya mtoto. Nilikata vipande vya plaiwudi vilivyobaki kwenye kabati la mteja, nikavipiga msasa, nikaandika kwa kalamu nene kadi 42 za nyongeza: m, n, na silabi tano tano za sh, ny, ng, ng', mb, nd, th na dh. Zimenichukua Jumapili moja. Lakini si kila mzazi ana msumeno, na mtengenezaji angeweza kuziongeza kwa gharama ndogo.

Kadi ya ng'ombe imeandikwa "ngombe". Mtoto akaisoma kama ilivyo, kwa ng ya ngoma, akaitazama picha, akaniuliza, "Baba, huyu si ng'ombe? Mbona wameandika hivi?" Nimeiongeza ile alama ya juu (') kwa kalamu. Herufi a nayo imechapwa kwa mtindo wa magazeti, yenye kofia juu, ilhali shuleni wanafundishwa a ya mduara na kijimkia. Wiki nzima aliikataa.

Nyuma ya kila kadi ya picha na ya namba kuna jina la Kiingereza. Naelewa sababu: mtaala mpya ulioanza Januari 2024 umekiingiza Kiingereza darasa la kwanza, zamani tulikikuta la tatu. Ila mtoto aliyegundua juzi kwamba herufi za Kiswahili hazimdanganyi aligeuza kadi ya 1, akasoma "o-ne", akaniangalia anisifu. Kwa sheria aliyofundishwa alikuwa sahihi kabisa. Mwalimu alinishauri kwa sasa Kiingereza kiwe cha kusikia na kusema, nyimbo na salamu, kusoma kuje baadaye. Nimebandika karatasi nyuma ya kadi zote.

Kuandika boksi halikugusi, na sijui kama linatakiwa. Sisi tulitumia sinia la vumbi la mbao. Kabla ya herufi yoyote mwalimu alitaka michirizi, mistari wima, miduara, ili mkono ulegee. Vumbi ni laini, ukikosea unatikisa sinia, hakuna kufuta mpaka karatasi itoboke. Kazi kubwa ilikuwa b na d. Mwezi wa tano aliniletea karatasi imeandikwa "dada nakupenda". Hana dada. Alikuwa ananiandikia mimi. Njia ya mwalimu ndiyo iliyomsaidia: b anza na fimbo kisha tumbo, d anza na tumbo kisha fimbo, unasema huku kidole kinapita. Jioni kumi za vumbi, nikawa baba.

Namba zimenipa shida nyingine. Kadi 0 hadi 20 zina picha za machungwa, unahesabu chungwa moja moja. Mpaka kumi ni sawa. Kufika kumi na moja, nilimwambia aandike, akaandika 101. Kumi na mbili akaandika 102. Nilimgombeza, na najuta, maana aliandika alichosikia: kumi, halafu moja. Lugha yetu inakitaja wazi kilichomo ndani ya namba, na yeye alikifuata. Kadi ya machungwa 11 haimwonyeshi mtoto kwamba kumi imefungwa pamoja ikawa kitu kimoja. Nikachana vijiti vya mtiki, tukafunga kumi kwa mpira. Fungu moja na kijiti kimoja, kumi na moja. Fungu moja na vijiti viwili, kumi na mbili. Kisha nikatengeneza kadi ya 10 pana na kadi ya 1 nyembamba inayokaa juu ya sifuri, ikaifunika. Aliifunika na kuifunua mara nyingi bila kusema kitu. 101 haijarudi. Mtengenezaji akitoa toleo jingine, naomba machungwa yapangwe kumi kumi.

Siku hizi binti yangu anasoma sentensi fupi ninazomwandikia. Kuku anakula mahindi. Anazitaja silabi zote bila kukosea, na akifika kwenye mahindi mwanzo umeshampotea. Ukimwuliza nani anakula, inabidi arudie. Mwalimu anasema ni kawaida, arudie mara ya pili kama mtu anayeongea. Boksi halina hata kadi moja ya sentensi, na ndiko tulipofika sasa.

Je, ununue? Kwa kadi, ndiyo, na uwe tayari kuandika zile zinazokosekana. Nilimwuliza muuzaji kama anaweza kumwuzia jirani yangu kadi bila chati, akasema boksi haligawanywi. Basi jirani anunue zima, chati ya silabi aiweke kabatini mpaka mtoto aweze kusoma kadi zilizovurugwa. Ile ya picha na namba inaweza kukaa ukutani tangu siku ya kwanza. Mdogo wake binti yangu ana miaka minne, anakuja kukaa mkekani anazipanga kadi kwa rangi, na boksi namtunzia yeye.