Tahadhari: raki nzima inatolewa kama mbovu, mlio wa usukani unanyamazishwa kwa mafuta ya kupuliza

Wakuu, naandika bado nina hasira, mnivumilie.

Gari langu lilianza kugonga usukani. Si mlio wa kutisha: "ko" moja nikikata kona taratibu, "ko" nyingine nikirudisha, na kwenye barabara ya mashimo ko-ko-ko mpaka nausikia viganjani. Nikalipeleka kwa jamaa mwenye gereji na duka la spea chini ya paa moja. Hilo la paa moja peke yake lingetosha kunishtua.

Akaingia, akazungusha usukani mara mbili gari likiwa limesimama, akashuka. "Bosi, raki imekufa," yaani ule mtambo wa meno chini ya injini unaopokea mzunguko wa usukani na kugeuza magurudumu. Hakulala chini ya gari wala hakuniuliza mlio unatokea wakati gani. Na kwa bahati iliyoje, raki ya gari langu alikuwa nayo rafuni, imekarabatiwa, inang'aa rangi nyeusi.

Jioni tukaenda kujaribu. Kimya! Nikampa mkono mara mbili. Siku ya nane mlio ukarudi ule ule, na safari hii hata usukani umekaa upande wakati gari linakwenda sawa, maana kupima alaimenti, yaani kunyoosha magurudumu, hakuhangaika nako.

Kilichonifumbua macho ni zulia. Nilikuwa nasafisha gari nikaona matone ya mafuta juu ya pedali. Raki iko upande wa pili wa ukuta wa injini, haiwezi kuvujia pale. Nikalala chali, tochi mdomoni, kichwa kwenye pedali. Ile shafti inayotoka kwenye usukani kwenda kwenye raki ina krosi jointi, viungo vinavyoiwezesha kupinda ikizunguka, na krosi yangu ya juu ilikuwa imelowa mafuta mepesi, yale ya kupulizia nati zilizoshika kutu. Kumbe alijua tangu mwanzo mlio uko wapi. Aliupulizia ukanyamaza siku za kutosha mimi kulipia raki.

Nikamwita mke wangu akae kwenye kiti. Injini imezimwa, ufunguo umegeuzwa kidogo tu usukani usijifunge, yeye anautikisa kushoto kulia, mimi nimeweka vidole juu ya krosi. Ile "ko" niliisikia kwenye ngozi kabla ya kuisikia masikioni. Upande wa juu unageuka kwanza, wa chini unafuata umechelewa. Hapo hahitajiki fundi wa kukueleza.

Fanyeni hivyo kabla hamjamruhusu mtu afungue hata bolti moja, kwa sababu kila mlio una mahali pake. Ukivuma unapogeuza injini ikiwa inawaka, angalia oili na pampu ya pawa stelingi (kama stelingi yako ni ya umeme mtupu haina oili kabisa, na atakayekuambia uiongezee, mkimbie). Ukikwaruza kama mpira mkavu, mara nyingi ni ule mpira shafti inapotobolea ukuta wa injini, au makava ya plastiki yanasuguana. Paka grisi ya silikoni, ya kawaida inaweza kuuvimbisha mpira. Springi ya gurudumu la mbele ikilia "twang" unapogeuza gari limesimama, shuku beringi ya juu ya shokapu. Kwa tairodi, vile vyuma vinavyotoka kwenye raki kwenda kwenye magurudumu, inua gurudumu la mbele, weka stendi, lishike kushoto na kulia ulitikise uone kama linacheza. Mlio wa kama karatasi nyuma ya honi ni utepe wa nyaya za honi na eabegi. Pale usitie bisibisi kabla hujatoa waya hasi wa betri na kusubiri dakika kadhaa.

Raki nazo hufa, sikatai. Lakini fundi mkweli atakuonyesha inavyovuja au inavyocheza, kwa macho yako, ikiwa bado imefungwa kwenye gari.

Mimi nilibadilisha shafti yenye krosi zake, basi. Fundi wa pili aliweka magurudumu sawa, akafunga usukani kwa mkanda wa kiti usizunguke ovyo ukakata ule utepe, akatia alama ya rangi kwenye meno ya shafti, ndipo akashika spana. Bolti aliweka mpya na kuikaza kwa spana ya kipimo. Mtu akikuambia krosi ya usukani inachomelewa, chukua ufunguo wako uondoke. Ikikatika ukiwa kwenye mwendo, unabaki na usukani mkononi na magurudumu yanakwenda yanakotaka.

Nilipomrudia yule wa kwanza akasema huu ni mlio mwingine, mpya. Nikamwambia sawa, nipe raki yangu ya zamani. Akasema keshaiuza. Raki iliyokufa, ameiuza!

Kwa hiyo ukiletewa raki nyeusi inayong'aa, igeuze. Kama rangi imepanda juu ya buti za mpira, yale makava ya mikunjo ya pande mbili, na vibano vyake, na nyuzi za tairodi zimejaa rangi, hiyo haikufunguliwa, imepakwa tu. Kwa chini, ya kwangu ina mkwaruzo mrefu wa jiwe unaofika karibu na buti ya kushoto. Ukiuona chini ya rangi, ujue umeuziwa raki yangu. Angalau hiyo ni nzima.